Mtoto wa Mtunza Bwawa

Mama yake aliporudi kutoka kazini, Chiriku alimjua kwa harufu kabla hajamwona. Ilikuwa harufu ya dawa ya maji, ile inayowasha puani, na haikutoka mwilini kwa sabuni wala kwa manukato. Mama alikuwa mtunza bwawa la kuogelea kwenye meli ya watalii. Alikaa baharini wiki kadhaa, akaja nyumbani kwa siku chache, na siku hizo nyingi ziliishia kitandani. Chiriku akitoka shule alimkuta bado amelala, viganja vimechubuka na miguu imevimba, huku bibi akiweka kidole mdomoni kumwonya asipige kelele.

Kukaa kimya kulikuwa adhabu kwa Chiriku. Jina hilo la utani hakupewa bure. Maneno yake yalitosha darasa zima, na mengine yakabaki ya kuja nayo nyumbani. Siku hizo hakuwa na habari nyingine ila safari. Kampuni ya meli ilikuwa na desturi moja nzuri: mara moja kwa mwaka mfanyakazi aliruhusiwa kumchukua mtoto wake kwa safari fupi ya kwenda na kurudi, na alasiri moja ya safari hiyo alipumzika na kustarehe kama mgeni.

"Mama, kweli hujawahi kuogelea kwenye hilo bwawa lako?" Chiriku aliuliza.

"Naingia sana. Naingia kulisugua likiwa halina maji," mama alijibu akiwa amefumba macho. "Safari hii nitaingia na wewe, mwanangu. Nami nielee, nione wageni wanaona raha gani."

Zikiwa zimebaki siku chache, tumbo la Chiriku likachafuka. Aliendesha mchana kutwa, bibi akamnywesha maji ya chumvi na sukari kikombe baada ya kikombe. Siku ya kuondoka alikuwa na nafuu, lakini hakuwa amepona. Asubuhi hiyo alikwenda chooni mbio, akatoka akijipangusa jasho, akamkuta mama mlangoni na begi begani.

"Tumbo vipi?"

"Limepona kabisa!" Chiriku aliruka kimanga.

Siku nyingine mama angemtazama usoni mara ya pili. Siku hiyo alikuwa na uchovu wa miezi, akapiga mwayo tu na kufunga begi.

Chumba chao melini kilikuwa chembamba, chenye vitanda viwili vya juu na chini. Chumba cha jirani alikaa mpishi na binti yake, msichana mdogo aliyeitwa Mapengo kwa sababu ya meno mawili ya mbele yaliyong'oka. Kabla hata mizigo haijapangwa, Mapengo alishamwonyesha Chiriku ufundi wake mkubwa duniani: kujaza maji mdomoni na kuyarusha mbali kupitia pengo.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa zamu kwenye lango la bwawa. Chiriku alikaa kwenye kiti cha kamba akimtazama. Kila mgeni aliyefika, mama alimsalimu, kisha akauliza, "Samahani, kuna aliyeharisha siku hizi za karibuni? Mkubwa au mtoto?" Wengine walicheka. Wengine walinuna. Bwana mmoja mwenye kofia pana alikasirika kabisa.

"Swali gani hilo mbele ya watu? Maji si yana dawa? Kazi ya dawa ni nini?"

"Dawa inafanya kazi, mzee wangu, ila si papo hapo," mama alisema kwa upole. "Kuna vijidudu vinavyoweza kukaa humo siku kadhaa na visife. Mtu akimeza funda moja, naye anaugua. Na kule kwenye beseni la maji moto, lile dogo la kukaa kando ya bwawa, ndiyo zaidi, maana joto linaimaliza dawa upesi."

Bwana yule aliguna, akajibu kwamba yeye ni mzima, akapita. Mama akamgeukia aliyefuata na kuanza upya, maneno yale yale, tabasamu lile lile. Hadi kufikia saa sita sauti ilikuwa imemkauka. Chiriku alisikia kila neno, na kila neno lilimchoma. Lakini tumbo lilikuwa limetulia tangu alfajiri, naye akajiambia kwamba huenda limepona kweli.

Alasiri ikafika. Mama akamkabidhi mwenzake filimbi, akaenda kuvaa nguo ya kuogelea aliyoazima, akarudi akiona haya kama bi harusi. Yule mwenzake wa langoni alimtazama Chiriku, akafungua kinywa kuuliza swali la kila mgeni.

"Huyu ni wangu," mama alimkatisha akicheka. "Mzima."

Chiriku akamshika mama mkono. Akapita.

Majini mama aligeuka mtu mwingine. Alilala chali, akaacha mikono ielee, masikio yakiwa ndani ya maji, akacheka peke yake bila sababu. Chiriku hakuwahi kumsikia akicheka hivyo. Alifurahi hadi akasahau uongo wake, akashindana na Mapengo kuzama na kuibuka. Halafu tumbo likamkata. Alijikaza kisabuni, akahesabu moyoni, akaona haliachi. Akapanda ngazi na kukimbia chooni akiwa amebana miguu. Alipovua nguo aliona kwamba alikuwa amechelewa. Si yote yaliyokuwa yametokea huku chooni. Mengine yalikuwa yameanzia majini.

Alijisafisha, akaosha mikono mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akarudi. Hakuna aliyejua. Maji yalikuwa maangavu vile vile. Mama bado alikuwa anaelea, uso umelegea kama wa mtu aliyelala. Angeweza kukaa kwenye kiti chake na kusema amechoka, basi, yangekwisha.

Mapengo aliibuka katikati ya bwawa, mashavu yamejaa, akarusha maji kupitia pengo na kucheka. Mengine akayameza. Akajaza mdomo tena.

Chiriku hakwenda kwenye kiti. Alipiga magoti ukingoni, akamwita mama yake karibu, akamnong'oneza. Machozi yalitangulia maneno.

"Halikupona, mama. Nilikudanganya. Na sasa hivi limenitoka humu majini."

Mama alisimama wima majini. Hakumgombeza. Ule ulegevu wa usoni ukaondoka, na uchovu wake wa siku zote ukarudi mahali pake. Alipanda ngazi, akachukua filimbi mkononi mwa mwenzake, akapuliza. "Wote nje, tafadhali! Bwawani na kwenye beseni, wote!"

Msimamizi alikuja haraka. "Kuna nini? Mtoto wa nani?"

Wageni walikuwa wamesimama na mataulo yao wakisubiri jibu. Chiriku alitamani ardhi immeze, na hapo ardhi yenyewe haikuwepo.

"Wangu," mama alisema kwa sauti ya kusikika. "Na mimi ndiye niliyesema ni mzima bila kumuuliza tena, nikijua aliumwa juzijuzi."

"Sisi ulituuliza!" alisema yule bwana wa kofia.

"Una haki ya kukasirika, mzee wangu. Naomba radhi."

Mama alivaa sare yake juu ya nguo iliyolowa. Alasiri yake ya ugeni iliishia hapo. Alitoa maji yote ya beseni, akalisugua, maana watu walikuwa wakitoka bwawani na kuingia humo. Bwawa akalitilia dawa nyingi kupita ya kila siku, ya kuua hata vile vijidudu sugu, na kulifunga usiku kucha. Chiriku alipelekwa kwa muuguzi wa meli, akapewa dawa na kuambiwa akae chumbani, na kwamba hata akishapona asiogelee na watu mpaka wiki mbili zipite.

Jioni mama alimwita mpishi mlangoni. "Mwambie mwenyewe," alimwambia Chiriku. Chiriku, aliyezoea maneno kumtoka kama mvua, aliyatafuta moja moja. Alieleza alichofanya, na kwamba Mapengo alimeza maji yale.

Mpishi alishika kiuno. "Unajua binti yangu akiugua, nami siwezi kugusa chakula cha watu? Nimekasirika, siwezi kuficha." Kisha akashusha pumzi. "Lakini sasa najua cha kuangalia. Asante kwa kusema."

Kwa bahati Mapengo hakuugua, si siku hiyo wala zilizofuata. Asubuhi iliyofuata msimamizi na mama walipima maji, yakaonekana salama, na lango likafunguliwa. Mama alisimama zamu na kuuliza swali lake. Bwana wa kofia alijibu bila kuguna.

Jioni ya kurudi bandarini, mama aliketi kitandani na viatu vyake miguuni. Chiriku akakaa karibu naye.

"Nimekuharibia alasiri yako, mama."

"Umeiharibu," mama alisema. "Sitakudanganya kwamba sikuumia. Niliisubiri sana. Lakini nikushukuru pia, maana ungenyamaza nami nisingejua, na watoto wa watu wangeugua wakirudi makwao. Mimi natia dawa, napima maji, nasugua, nafanya yote hayo hadi naishiwa nguvu. Kilicho tumboni mwa mtu siwezi kukiona. Lazima mwenyewe aniambie, tena kabla hajaingia. Anayeumwa akisema mapema, anakaa nje peke yake siku chache. Akificha, tunatoka wote."

Chiriku alitaka kuahidi jambo, lakini mama alikuwa ameshaegemea ukuta, amelala. Akachuchumaa, akamvua viatu taratibu, akamfunika shuka, na hakusema neno lolote.