Ufunguo Mfukoni mwa Chiriku

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akala haraka, akavaa suruali kuukuu ya kaka yake na kuvuka uchochoro kwenda karakana ya shangazi yake. Shangazi ndiye aliyempachika jina hilo la ndege, kwa kuwa mdomo wa msichana huyo haukujua kupumzika.

Shangazi alikuwa fundi chuma. Alitengeneza mageti na madirisha. Upande wa pili wa karakana alifanya kazi seremala mmoja, mtu mkarimu lakini mwenye papara, ambaye Chiriku alimwita mjomba kwa heshima tu, si kwa damu.

Siku moja Chiriku alikuta mashine kubwa imesimamishwa mlangoni. Nguzo yake ilikuwa imeliwa na kutu, mikanda imepasuka, na waya wake umetafunwa na panya.

"Shangazi, hii ni mashine au mifupa ya mashine?"

"Ni mashine ya kutobolea chuma. Ilitupwa kwenye kiwanda kilichofungwa. Imelala tu, tutaiamsha."

Seremala aliangua kicheko. "Dada, hiyo haijalala. Imekufa, mazishi ndiyo yamechelewa!"

Shangazi alicheka naye, kisha akaenda kuchukua spana.

Chiriku alidhani kazi ingeanza kwa nyundo. Kumbe ilianza kwa kutazama. Shangazi aliizunguka ile mashine, akaigusa hapa na pale, akaukata ule waya mbovu na kuutupa. Alimfunga Chiriku nywele kwa kitambaa, akamkunjia mikono ya shati hadi juu ya viwiko, akampa miwani ya kazi.

"Mikanda inauzwa dukani," alisema. "Vidole haviuzwi."

Kichwa cha mashine kilikuwa kizito kama gunia la saruji. Kabla ya kulegeza boliti iliyokishika kwenye nguzo, Shangazi alikifunga kamba imara hadi kwenye boriti ya paa, akaweka na gogo chini yake. Alipofika kwenye springi iliyojikunja ndani ya kikopo kidogo, alimwambia Chiriku asogee mbali. Akaifunika kwa tambara nene na kuilegeza polepole, kwa subira, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

"Springi ni kama mtu mwenye hasira," alisema. "Usimfungulie mlango ghafla."

Chiriku alimtazama. Hakuwahi kuona mikono yenye nguvu namna ile ikiwa na upole namna ile. Kila kifaa kilichotoka Shangazi alikiandika alama ya chaki, akakipanga juu ya turubai kwa mpangilio uleule kilivyotoka. Waliosha vyuma kwa mafuta ya taa nje uani, mbali na cheche za kuchomelea. Walisugua kutu kwa msasa mpaka nguzo ikang'aa. Jioni baada ya jioni, ile mifupa ikaanza kurudishiwa nyama.

Ikabaki kufunga mikanda mipya. Waya mpya ulikuwa umekwisha kuunganishwa na sanduku la swichi kuu ukutani, lililopeleka umeme karakana nzima. Shangazi alizima swichi hiyo na kulifunga sanduku kwa kufuli.

"Mfuko wangu umetoboka," alisema, "na siwezi kuvaa ufunguo shingoni nikiinama kwenye mashine. Kaa nao wewe. Usimpe mtu yeyote mpaka nikuombe mimi mwenyewe, uso kwa uso."

Akaingia nyuma ya mashine na kuzamisha mikono kati ya mikanda na magurudumu yake. Nje, kinu cha kusaga nafaka cha jirani kilikuwa kinanguruma. Hakuna aliyeweza kusikia sauti ya mwenzake kwa mbali.

Ndipo seremala, aliyekuwa ametoka kumfuata mteja, aliporudi, jasho likimtoka, mteja huyo akiwa nyuma yake. Mlango wa mteja ulikuwa umebakiza kipande kidogo tu kukatwa. Seremala alibonyeza swichi ya msumeno wake wa umeme. Kimya. Akaona kufuli.

"Chiriku, lete ufunguo. Mgeni anasubiri."

"Samahani, mjomba. Shangazi yuko kwenye mashine."

"Mashine yake haijawashwa! Nakata mara moja, nazima."

"Samahani, mjomba. Siwezi kuutoa."

Seremala alitoa macho. "Unanikatalia mimi, mtu mzima? Hiyo ndiyo adabu unayofundishwa shuleni?"

Mteja alisonya. Chiriku alifunika mfuko wenye ufunguo kwa viganja viwili, machozi yakimlengalenga, na kusema kwa sauti ndogo, "Mpaka aseme mwenyewe."

Kinu kikanyamaza. Shangazi alisikia makelele, akachomoa mikono yake na kuchungulia. "Kuna nini hapo?"

"Mwanao huyu amenivunjia heshima mbele ya mteja!"

Shangazi alitaka kujibu, lakini jicho lake likaangukia swichi ndogo ya mashine yake. Ilikuwa upande wa kuwasha. Baada ya kuzima umeme aliijaribu kuhakikisha mashine haiwaki, akasahau kuirudisha.

"Fundi," alisema taratibu, "tazama swichi hii."

Seremala alitazama. Kisha akaitazama mikono ya Shangazi, myeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko. Akavua kofia yake.

"Ningewasha umeme..." alisema.

Alimgeukia Chiriku. "Mwanangu, nisamehe. Nilikuwa nakimbia bila kutazama njia." Mteja alivuta kigoda, akaketi na kusema angesubiri bila haraka yoyote.

Shangazi alizima ile swichi, akamaliza kazi yake, akarudisha kifuniko cha mikanda na kuhakikisha hakuna spana iliyosahaulika. Akasimama mbele ya Chiriku.

"Sasa naomba ufunguo."

Mashine iliamka kwa mngurumo mwembamba, laini. Keekee, ile ncha ya kutobolea, ilizama kwenye bapa la chuma, na nyuzi za chuma zinazong'aa zikajisokota juu yake. Seremala alipiga makofi kuliko wote.

Shangazi aliizima, akamshika Chiriku begani.

"Mkubwa akikutuma, mtii. Hiyo ni adabu. Lakini jambo likiweza kumwumiza mtu, kukataa kwa upole nako ni adabu, hata kama anayekutuma ana mvi. Mimi nimefanya kazi hii tangu hujazaliwa, na leo nimesahau. Kila mtu husahau. Ndiyo maana tunaweka kufuli, na kufuli bila mtu mwaminifu ni chuma tu."

Akasogea pembeni, akauelekeza mkono wa mashine upande wa Chiriku.

"Haya, simama hapa. Tundu linalofuata ni lako."