Fundo la Nne

Hamjambo nyote mliokaa hapa. Wa nyuma sogeeni, na mwenye mtoto amnyonyeshe sasa, maana sauti yangu siipandishi. Naomba kimya. Mkisikia kitu mlangoni, niachieni mimi nitazame.

Ilianza siku ya kawaida kabisa. Mwaka hamsini na saba, hapahapa Garsen, asubuhi, jua zuri. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi. Mama yangu mdogo, Kahaso, alikuwa ametoka Tanga na mumewe Thoya na binti yao mmoja tu, Kadii. Thoya alikuwa fundi wa mitambo ya mkonge, na sasa amepata kazi mashamba ya ndizi, karibu na Kismayu. Wakapakia godoro na masufuria kwenye landrova kuukuu, wakatoka Tanganyika, wakaingia Kenya, wakalala kwetu siku mbili. Sasa wanakwenda Somalia. Nchi tatu kwa gari moja! Na mbwa wao ndani, rangi ya katani, jina lake Mkonge.

Kadii alicheza na mbwa huyo, akala na mbwa huyo. "Huko hakuna anayejua lugha yangu," aliniambia. "Nitaongea na Mkonge."

Siku hizo mto Tana unavuka kwa feri ya mbao, inavutwa kwa kamba. Mkubwa wa feri alikuwa Mzee Enos, Mpokomo. Kabla ya kuvusha watu anauliza pumzi ngapi zinavuka, halafu anapiga mafundo kwenye kamba ya ukindu, kila pumzi fundo lake. Hayo ndiyo yanafunga midomo ya mamba. Ng'ambo kila mtu anafungua fundo lake, basi, safari njema. Wavutaji walikuwa na yao ya kudumu, wamevaa mkononi.

"Pumzi ngapi?" akauliza Mzee Enos.

Thoya yuko chini ya gari anaweka mawe kwenye magurudumu. Akajibu Kadii: "Nne, babu."

Enos akapiga mafundo manne. Ndipo mbwa akaletwa.

Dida, mvutaji, Muorma, akaiachia kamba. "Huyo akinigusa naoga mara saba, na wewe fundi utavuta feri peke yako!"

"Mbwa mwenyewe msafi kuliko wewe," Thoya akamwambia, watu wakacheka.

Mzee Enos hakucheka. "Mbwa akilia juu ya maji, mamba wote wanakuja. Abaki."

Mama yangu akasema, "Shemeji, mwacheni kwangu. Mkipata mahali mtaagiza aletwe." Thoya akakubali. Kadii akalia mpaka akakosa sauti. Akanipa kamba ya Mkonge mkononi.

"Mshike sana, dada. Usimwachilie."

"Simwachilii."

Feri ikaondoka. Nikabaki nimeshika kamba, Mkonge anavuta, anatetemeka. Kadii akawa mdogo, mdogo, mpaka sikumwona tena.

Habari za ng'ambo alituletea Dida. Alisema siku ile feri ilikuwa nzito ajabu. Landrova imeshuka, lakini feri haikuinuka. Watatu wakafungua mafundo yao. Likabaki moja.

"Hilo liacheni," akasema Enos. "Nitarudi nalo."

Kadii akasema, "Ni la Mkonge," akalifungua kwa meno.

Na feri ikainuka. Kama mtu ameshuka.

Baada ya mwezi ikaja barua, ameandika Thoya. Kwetu hakuna aliyejua kusoma. Tukamwita Tsuma, karani wa duka. Akasoma:

"Mlimvusha lini Mkonge? Jioni ya siku ile tulimkuta chini ya turubai, amelowa chapachapa. Kadii amefurahi. Ila jua la huku kali, na mbwa hakauki. Wala habweki."

Tukatazamana. Mkonge alikuwa amelala juu ya miguu yangu. Mkavu. Ana vumbi.

"Soma tena," akasema mama.

Akasoma tena. Halafu macho yake yakashuka mpaka chini ya karatasi, yakakaa hapo.

"Imeisha?"

"Imeisha, mama." Akaikunja. Chai aliyotengewa hakuinywa.

Tulimwambia aandike majibu: mbwa wenu yuko hapa. Kimya. Tukaagiza kwa dereva wa lori. Alirudi akasema nyumba iko wazi, landrova ipo, masufuria yapo. Watu hakuna. Sakafu imelowa.

Mkonge alikuwa akienda mtoni kila siku, anakaa, anatazama ng'ambo. Nakwenda naye, nimeshika kamba. Miaka saba, mpaka akafa. Na mimi nikawa nasema moyoni, Kadii alinisahau. Hata salamu moja hakuniletea.

Sasa nimezeeka, na mwalimu Batula amenifundisha kusoma, mimi na mvi zangu. Kitu cha kwanza nilichotaka kusoma ni barua ile. Mama aliificha sandukuni mpaka kufa kwake. Nilisoma peke yangu, herufi kwa herufi, kidole chini ya neno. Nikamaliza maneno ya Thoya.

Haikuwa imeisha.

Chini kuna mwandiko mwingine. Mkubwa, umepinda. Wa mtoto.

"Dada usimwachilie Mkonge. Huyu si yeye. Nikiwa peke yangu anaongea. Anauliza jina la aliyemshika Mkonge kule. Mimi simwambii."

Nilikaa na karatasi ile mpaka chakula kikaungua. Alikuwa mtoto wa miaka minane. Peke yake na kitu kile.

Wiki hii ni kiangazi, mnajua wenyewe, vumbi mpaka kwenye meno. Asubuhi tatu nimekuta mkeka wangu wa mlangoni umelowa. Katikati kuna alama, duara, kama mnyama aliyejikunja. Nimeunusa. Maji ya mto.

Kinalala nje. Hakiingii, maana hakina jina la kuniitia. Kwa hiyo najua Kadii hakusema. Mpaka mwisho, hakusema.

Haya, naondoka, nikauanike mkeka. Nitarudi kukaa na nyinyi, na nitapiga hodi kama watu wanavyopiga. Mmeona tangu nianze sikutaja naitwa nani. Mnaonijua, nawaomba sana.

Nikitoka hapo mlangoni, msiniite.