Santuri Isiyo na Mwimbaji

Bisha. Bisha sasa hivi, mapema, ukiwa bado una koo la kubishia. Wapo waliobisha hadithi hii pale kinyozini, wakacheka mpaka kinyozi akamkwangua mteja sikio, na wote wakatoka nje wakipapasa shingo zao. Anayejiona jasiri akae. Mwenye roho ya kuku akaatamie mayai.

Kulikuwa na kijana akiitwa Sindano. Mama yake hakumpa jina hilo. Alijipa mwenyewe, kama alivyojipa ubingwa wa kila kitu. Shule aliiacha mapema, na shule haikumfuata. Akahamia kwa dada yake, fundi cherehani, kwenye chumba cha nyuma ya duka, na humo akawa anakusanya santuri.

Si santuri za mapenzi, ndugu yangu. Santuri za hadikoo, yaani panki, muziki wa magitaa na makelele, iliyoamka na hasira, wimbo unaisha kabla hujakaa kitako. Na za thrashi, ile metali inayokimbia kama imewashwa moto mkiani. Zinatoka Ufini, Polandi, Brazili, Japani. Bendi zilizotoa santuri chache, zikagombana, zikafa, zikasahauliwa hata na mama zao. Ukimuuliza wanaimba nini, anakujibu, "Wanadai haki zao." Haki gani? "Hata mimi sijui, lakini wameonewa sana hawa watu."

Kwenye simu alikuwa na kundi la wakusanyaji wenzake wa dunia nzima. Kule hakuna anayekuuliza cheti. Kule heshima ni moja tu: kuwa wa kwanza kuibua santuri ambayo mwingine yeyote hajawahi kuisikia. Na Sindano, pamoja na domo lake lote, hakuwahi kuwa wa kwanza. Jambo hilo lilimuuma kuliko jino.

Dada alikuwa na binti wa miaka minne. Walimwita Bibi Mdogo, kwa jinsi alivyopenda kukaripia watu wazima. "Mjomba, umeoga?" "Mjomba, hizo soksi zinanuka mpaka jikoni." Mtoto haogopi mtu.

Basi. Jioni moja, jua linazama, Dada akamkabidhi Sindano gauni jeusi lililopunguzwa kiuno.

"Mpelekee yule mjane wa ghorofa ya tatu. Nenda, rudi. Usiende kupiga domo."

"Mimi huwa napiga domo?"

"Wewe hata usingizini unajisifu."

Akaenda. Ngazi hazikuwa na taa. Kadiri alivyopanda ndivyo harufu fulani ilivyomjia... Haikuwa ya kitu kilichooza. Ilikuwa harufu ya mdomo. Mdomo uliofungwa muda mrefu, wenye njaa.

Mjane akafungua.

"Karibu, mwanangu," akanong'ona.

"Shikamoo, bibi. Mbona tunanong'ona? Kuna mtoto amelala?"

"Hakuna mtu."

Na haukuwa mnong'ono kama huu wetu. Ilikuwa hewa tupu. Maneno yalitoka yamekauka, kama maganda.

Sindano hakujali, kwa sababu nyuma ya yule mama aliona rafu. Marehemu mumewe alikuwa mpishi kwenye meli za mizigo, na kila bandari alirudi na santuri. Sindano akapiga magoti bila kukaribishwa. Ufini. Brazili. Japani, tena Japani. Moyo ukaanza kumpiga ngoma. Na chini kabisa, nyuma ya zote, palikuwa na moja iliyofungwa kwenye kitambaa cha gunia la unga. Haina jalada. Haina lebo.

Wakusanyaji wana tabia yao. Kabla ya kupiga santuri huigeuza kwenye mwanga na kusoma pale katikati, mahali patupu, ambapo fundi aliyeikata huchora maneno yake kwa ncha ya chuma. Sindano akaigeuza. Hapakuwa na maneno. Palikuwa na mikwaruzo myembamba, imekwenda sambamba...

Ya kucha.

"Hiyo chukua," mjane akanong'ona sikioni mwake. Hakuwa amemsikia akisogea. "Bure."

"Bibi, cha bure huwa na mwenyewe."

"Mwenyewe ni atakayeipiga. Ila sharti moja, mwanangu... Usiipige kwa sauti ndogo."

Sindano akacheka. "Hapo umempata mtu wako!"

Mjane naye akacheka. Kicheko hakikutoa sauti yoyote. Mabega tu ndiyo yaliyotikisika.

Hadikoo haisikilizwi kwa sauti ndogo. Hiyo ndiyo dini yao, na ndiyo iliyomponza. Mwingine angeijaribu polepole, kistaarabu, akagundua ina kasoro, akaiweka pembeni. Sindano alifika, akafunga mlango wa chumba cha nyuma, akafungulia spika zake mbili mpaka mwisho, akashusha mkono wa pleya.

Ngoma zikaporomoka kama kabati kwenye ngazi. Gitaa likaingia likikwaruza kama bati linaloburuzwa barabarani. Nywele zikamsimama. Maishani mwake hakuwahi kusikia bendi yenye hasira ya namna ile.

Lakini mwimbaji hayupo.

Kila baada ya muda gitaa linarudi nyuma, ngoma zinapisha, nafasi inafunguka, pana, ya mtu kupiga kelele... halafu kimya. Chini kabisa ya kile kimya, ukitega sikio, kuna kitu kinavuta pumzi.

Kinangoja.

Mlango ukagongwa. Hakusikia. Ukapigwa teke. Dada akausukuma, futi ya kupimia shingoni, macho yamemtoka.

"Wewe! Punguza!"

"Nini?"

Gitaa likarudi nyuma. Ngoma zikapisha.

"PUNGUZAAA!"

Sauti yake ilikaa pale, kwenye ile nafasi. Kama mguu kwenye kiatu chake.

Upande ukaisha. Sasa, zipo santuri ambazo mfereji wake wa mwisho umefungwa kama duara, sindano ya pleya inazunguka palepale mpaka mtu aiinue. Hii ilikuwa mojawapo.

...guzaaa.

...guzaaa.

...guzaaa.

Sauti ya Dada, ndani ya spika. Na Dada mwenyewe amesimama mlangoni, mkono kooni, mdomo wazi.

"Kuna nini?" akauliza.

Hewa tupu.

Dada alidhani ni mafua. Akachemsha maji, akasukutua chumvi, akarudi kwenye cherehani. Na Sindano? Sindano alikuwa ameshairekodi yote kwa simu, akaituma kwenye kundi.

Kundi likawaka. Bendi gani? Mwaka gani? Nani huyo anayeimba? Mbrazili mmoja, mtu asiyesifu hata mvua baada ya kiangazi, aliandika kwamba amesikia makoo ya dunia nzima, na hili ndilo la kwanza kumfanya aamke kufunga mlango. Sindano akawa wa kwanza. Hatimaye! Alitembea mtaani usiku huo kama amemeza mwiko.

Kesho yake, mchana kweupe, akaipiga tena. Mlango aliuacha wazi. Dada alikuwa dukani, amebana pini midomoni kama wafanyavyo mafundi, anapinda upindo wa gauni jeupe la mteja.

Gitaa likarudi nyuma. Ngoma zikapisha.

Mdomo wa Dada ukafunguka wenyewe.

Pini zikaingia ndani. Mdomo ukafumba. Ukafunguka. Ukafumba. Sawasawa na sauti iliyotoka kwenye spika, neno kwa neno, bila yeye kutoa hata mlio. Mikono yake ilikuwa imeshika meza. Macho yake yalikuwa yanamtazama mdogo wake. Tone jekundu likaangukia lile gauni jeupe, halafu la pili, halafu yakawa hayana idadi.

Sindano akainua mkono wa pleya. Mdomo wa Dada ukatulia.

Hapo mwenye akili angeacha, sivyo? Wewe ungeacha. Unasema hivyo kwa sababu hujawahi kusifiwa na dunia. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Mjapani mmoja ameandika: nasikia pikipiki inapita katikati ya wimbo, tafadhali rudia.

Akarudia.

Jioni ile hata mnong'ono ulikuwa umemwisha Dada. Alikaa kitandani ametema pini zote kwenye kisahani, na Bibi Mdogo amepanda mapajani mwake, amemshika mashavu kwa viganja viwili, anamfundisha kusema.

"Mama, sema aaa. Wewe Mama mvivu. Sema aaa."

Hilo ndilo lililomtoa Sindano nje. Si damu. Ni ile aaa.

Alipofika chini ya lile jengo, giza likianza kuingia, akasikia mtu anaimba. Sauti nzito, nzuri, imejaa ngazi zote. Ile harufu haikuwapo tena. Mlango wa ghorofa ya tatu ulikuwa wazi. Mjane anaosha vyombo, gauni lake jeusi limemkaa vizuri kiunoni.

"KARIBU, MWANANGU!" Vikombe vikagongana kabatini. "Mbona umechelewa? Mimi nilikutarajia jana!"

"Bibi, nirudishie sauti ya dada yangu."

"Mimi? Mimi nimerudishiwa yangu!" Akafuta mikono, hana haraka. "Miaka yote ya ndoa, sauti yangu ilikaa kwenye ile rafu, mpaka ikafifia humo ndani ikabaki pumzi tu. Na kosa langu unalijua? Nilimwita mume wangu aje kula. Alikuwa amefungulia ule wendawazimu wenu, nikapaza sauti. Basi."

"Ile ni nini, bibi?"

"Mume wangu alipewa bandarini na mtu aliyekuwa anacheka. Hayo ndiyo ninayoyajua. Ina mdomo mmoja tu. Akiingia mpya, wa zamani anatoka."

"Nikiivunja?"

"Ivunje." Akatabasamu. "Halafu uniambie sauti iliyomo imekwenda wapi."

Kinachofuata ni hivi, kama Sindano anavyokisimulia pale kinyozini. Alirudi hana mpango. Dada alikuwa amekwenda hospitali. Akaiweka santuri, akafungulia spika mpaka vioo vya dirisha vikalia, akitafuta dawa palepale penye ugonjwa. Na kwa bahati mbaya, bahati mbaya tupu, Bibi Mdogo akasukuma mlango, mikono masikioni, amenuna.

Gitaa likarudi nyuma. Ngoma zikapisha.

"MJOMBAAA! MASIKIO YANGU!"

Huko barabarani, mbali, mtu akaanza kuita. Dada. Anaita jina la binti yake kwa sauti nzima, anacheka, analia, anakimbia huku viatu ameshika mkononi. Akaingia dukani, akapiga magoti, akafungua mikono. Bibi Mdogo akamkimbilia, akafungua mdomo...

Hewa tupu.

Daktari alimulika koo la mtoto kwa tochi, akasema ni zima, mpeni muda. Dada alijifungia na ile santuri, akapiga kelele juu yake mpaka akakohoa damu, akiiomba imchukue yeye. Haikumtaka. Koo lililokwisha onjwa halionjwi tena. Kuivunja hakuna anayethubutu. Na kule kwenye kundi wanaisifu mpaka leo, wanasema toleo la pili lina mwimbaji mdogo wa kutisha kuliko wa kwanza.

Hapo Sindano huinua kidevu, akawatazama wote kwenye vioo vya kinyozi, akasema, "Haya. Bisheni." Na watu hupapasa shingo.

Nyumbani ni kimya zaidi. Jioni nyingine, duka likifungwa, Dada huingia chumba cha nyuma na mtoto wake mapajani, akaiweka ile santuri, kwa sauti ya chini. Anataka kumsikia mwanawe, hakuna zaidi. Mdomo wa Bibi Mdogo hufunguka na kufumba pamoja na spika, Mjombaaa, masikio yangu, na mtoto hupiga makofi, kwa kuwa anadhani ni yeye anayesema.

Jioni moja Dada hakumtazama mtoto. Alimtazama mdogo wake, aliyesimama pembeni ya mlango.

"Mdogo wangu," akasema, muziki ukiendelea. "Mimi hainitaki. Huyu imeshamla. Wewe mbona kila nikiipiga unabana meno hivyo? Mpaka mishipa inakutoka shingoni."

Sindano, anayejisifu hata usingizini, alitikisa kichwa tu. Akangoja upande uishe. Akangoja Dada ainue mkono wa pleya. Akangoja santuri ipunguze mzunguko, isimame kabisa. Kisha akaenda mwenyewe ukutani, akachomoa waya, akaushika kwenye ngumi.

Ndipo akafungua mdomo.

"Kwa sababu ingefaa sauti yangu, Dada. Hata sasa inafaa. Yule bibi aliniambia kabla hajafunga mlango: una domo kubwa, weka lako, dada yako atapona leo leo. Nikaja nimeshaamua. Nikasimama hapa, nikafungulia spika, nikafungua mdomo kabisa..." Akauzungusha waya kwenye ngumi. "Nikaufunga. Mtoto hakuingia kwa bahati mbaya. Alikuwa anacheza uani. Nilitoka nikamwita."