Aliyejenga Chini ya Dhahabu

Mshonaji alizoea kubana pini midomoni anapompima mteja nguo. Asubuhi moja alizitoa zikiwa nyeusi. Akazifuta, akamlaumu aliyemuuzia, akaendelea na kazi.

Kisha chai ikawa na ladha ya chuma. Pumzi yake ikaanza kunuka kama sarafu zilizoshikwa na viganja vyenye jasho, hata mwanawe mchanga akawa anageuza uso akibusiwa. Kisa chote kilikuwa gego la chini. Usichanani mwake lilizibwa kwa zebaki. Alipoolewa, mumewe, fundi redio aliyependa mke wake ang'ae, akamshawishi walivike kofia ya dhahabu juu ya zebaki ile ile. Tangu hapo, akicheka, anachekea upande huo.

Siku alipomsikia kwa mara ya kwanza yule aliyekuwa ndani ya jino ilikuwa adhuhuri, jua kali, na alikuwa akimbembeleza mtoto kwa wimbo. Alinyamaza kidogo ameze mate. Wimbo ukaendelea. Ilikuwa sauti nyembamba ya kiume, ikitoka ndani ya kinywa alichokwisha kukifumba, na mtoto, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, akatulia, akacheka.

Alimsimulia mumewe uani, kiganja kimefunika shavu ili yule wa jinoni asisikie. Mume akasema ni uchovu wa uzazi, alale. Lakini walipoketi kula, kila mshonaji alipotafuna, sauti ile ilimwita mume kwa jina la utani ambalo marehemu mama yake pekee ndiye aliyelitumia. Kijiko kikamponyoka. Hakubisha tena.

Wakamwendea mtabibu wa majini, mzee mpole mwenye kikohozi. Alisoma dua, akafukiza ubani mpaka chumba hakionekani. Jini hakupanda kichwani.

"Huyu hakukupanda, binti yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Amejenga. Dhahabu na zebaki zinatafunana humo, naye anakula makombo. Nyumba isipobomolewa, nitamfukuza atoke wapi?"

Daktari wa meno alitazama picha, akasema jino ni zima. Mshonaji akamshika mkono wa koti, akamwambia kwa utulivu uliomtisha kuliko kelele kwamba asipoling'oa yeye, ataling'oa mwenyewe kwa koleo la mumewe.

Akachomwa sindano ya ganzi. Mtabibu wa majini, waliyekuja naye, akasimama ubavuni akisoma, na kofia ya dhahabu ilipobanduliwa ukatoka uvundo wa kisima kilichofukiwa, na chini yake ile zebaki ilikuwa imeliwa na kutu, nyeusi, laini, inayochezacheza kama kitu kinachopumua, na daktari, ambaye hakuwahi kuamini mambo haya, akaling'ang'ania gego kwa koleo huku jasho likimdondoka puani na sauti ile ikimwomba, ikimbembeleza, ikilia kilio cha mtoto mchanga, mpaka mzizi ukaachia na chumba kikawa kimya.

Mshonaji alifika nyumbani na pamba mdomoni. Maji yakawa na ladha ya maji. Alimbusu mwanawe kwa pupa, paji, mashavu, midomo, na mtoto hakugeuza uso. Alilia kwa furaha, na mumewe akalia naye.

Wiki zikapita. Mtoto akaanza kudondosha ute na kung'ata kila kitu, na mama akanawa mikono ampapase ufizi. Kidole kikagusa jino la kwanza. Lilikuwa baridi. Akambeba mpaka dirishani, akamfunua mdomo kwenye mwanga.

Jino lilikuwa jeusi, na limezungukwa pembeni na uzi mwembamba wa dhahabu.

Mumewe alipoingia alimkuta mkewe amepiga magoti sakafuni, kinywa wazi, amekibandika kwenye kinywa cha mtoto, akinong'ona maneno yale yale bila kuchoka.

"Rudi kwangu. Nina magego mengine. Rudi kwangu."