Ndege ya Shadya Juu ya Dagaa

Kila akitoka shule, Shadya alivua sare, akala harakaharaka, kisha akakaa barazani kuchezea waya. Pale mtaani kwao Gungu, kando ya ziwa, walimjua: redio yako ikifa, ifiche Shadya asiione! Safari hii alikuwa anatengeneza ndege ndogo ya kuruka yenyewe. Aliichonga kwa boya la wavu. Mota ilitoka kwenye gari la kichezeo la rafiki yake Dismasi, kitu pekee Dismasi alichokuwa amekikumbatia familia yake ilipovuka ziwa kukimbia vita Burundi.

"Nakuazima tu," Dismasi alimkumbusha. "Ikizama ziwani, usinisemeshe tena."

"Haizami bwana! Nimeiwekea saketi. Sekunde kumi zikiisha inazima mota, ndege inashuka polepole."

Siku ya maonyesho ya kazi za wanafunzi, Mwalimu Telesphory alilipeleka darasa ufukweni, karibu na kina mama wanaoanika dagaa. Akauliza, "Shadya, saketi umeijaribu?"

Thubutu! Alikuwa amemaliza kulehemu nyaya asubuhi ile ile. Lakini darasa zima lilimtazama. "Ndiyo, mwalimu. Mara nyingi tu."

Ndege ikapaa. Wanafunzi wakahesabu mpaka kumi. Mota ikaendelea kulia. Ishirini, bado inalia! Ikawa inazunguka juu ya dagaa, kila mzunguko ukiisogeza ziwani. Dismasi akashika kichwa. Shadya akaingiwa na hofu, machozi yakamlenga.

Sasa, kazi ya Bi Eufrasia, mmoja wa wale kina mama, ilikuwa kufukuza kunguru, na macho yake hayakuwa mazuri. "Mwizi mkubwa wewe!" akafoka, akainua ufito, paa! Ndege ikaangukia dagaa, mota ikawarusha huku na huko. Mmoja akatua kichwani kwa mwalimu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Mwalimu, nisamehe," Shadya alisema huku akilia. "Nilikudanganya. Sikuijaribu."

Wakaifungua. Waya mmoja haukuwa umeshika. Shadya akaulehemu upya kwa msumari uliopashwa moto jikoni kwa Bi Eufrasia, akaijaribu mkononi, akarudia tena, ndipo akairusha.

"Kumi!" wakapaza sauti hata kina mama. Mota kimya! Ndege ikashuka taratibu mpaka mchangani. Dismasi akaikimbilia, akaikumbatia.

Mwalimu akajipangusa magamba. "Shadya, ungesema 'bado', tungekungoja, basi. Uongo wako nusura umpotezee mwenzako kitu chake pekee cha kwao. Kazi hujaijaribu, sema hujaijaribu. Hakuna aliyekufa kwa kusema bado."

"Maneno mazuri," Bi Eufrasia akadakia. "Na dagaa wangu mmemaliza kuwaokota?"

Darasa zima, na mwalimu wao, wakajibu kwa pamoja: "Bado, bibi!"