Vyumba vya Nyangi Pale Nyasho

Mzee Machage alipotangaza kwamba anauza nyumba yake ya Nyasho ili arudi Kiabakari kufuga, nusu ya mtaa ilikwenda kuitazama. Wengi hawakuwa na uwezo wa kununua hata mlango wake. Walikwenda kwa sababu ilikuwa Jumamosi, soko la Musoma limejaa, na nyumba yenyewe ilikuwa jirani na mashine ya kusaga. Waliingia, wakafungua madirisha, wakachungulia choo, wakamuuliza mzee bei, wakaguna na kutoka.

Nyangi alikwenda na futi yake ya kupimia nguo. Alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja la Kihindi kule mjini, msichana mrefu, mwembamba, na siku hiyo alivaa gauni la maua ya njano alilojishonea mwenyewe, lenye mkanda mpana kiunoni. Aliinama kwenye chumba cha mbele akanyoosha futi sakafuni, midomo ikihesabu bila sauti. Nyuma yake kijana mmoja alikuwa akigonga ukuta kwa vidole na kutega sikio, kama mganga anayesikiliza kifua. Shati lake lilikuwa jeupe, suruali ya kaki imenyooshwa kwa pasi, na kidole kimoja kilikuwa na doa la wino.

“Dada,” alisema yule kijana, “unaishonea gauni nyumba hii?”

“Napima kama cherehani yangu itaingia na mama yangu bado apate pa kulala,” Nyangi alijibu bila kuinua kichwa. “Na wewe unabisha hodi ukutani, mlango hujauona?”

Kijana alicheka, akajitambulisha. Aliitwa Isidori, karani wa chama cha ushirika cha pamba, kwao Butiama. Alikuwa amechoka kupanga, akasema, chumba chenyewe akinyoosha miguu inagonga ndoo ya jirani. Naye alikuja kununua. Wakaenda pamoja kwa Mzee Machage kuuliza bei. Mzee alipoitaja, walitazamana, kisha kicheko kikawatoka kwa pamoja. Walitoka pale wanunuzi wawili wasio na nyumba, na Isidori akamsindikiza Nyangi mpaka dukani ingawa njia yake haikuwa hiyo.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa walizunguka mji kutafuta nyumba. Mwanzoni kila mmoja alisema anajitafutia yake. Walikwenda Iringo, upepo wa ziwa ukawafurahisha, lakini alama ya maji ilikuwa bado ukutani, kimo cha goti, tangu ziwa lilipofura baada ya uhuru. Walikwenda Kigera, na Isidori akapapenda pale pale. Viwanja vilikuwa vikubwa na vya bei nafuu, mtu angeweza kupanda migomba na kufunga mbuzi. Nyangi alisimama katikati ya kiwanja kimoja, akageuka huku na huku, akauliza nyumba ya karibu iko wapi. Isidori akamwonyesha, mbali, moshi tu juu ya vichaka.

“Hapa mtu akipiga yowe nani anasikia?”

“Kwani utapiga yowe la nini, nami nipo?”

Lilikuwa neno la utani, lakini halikurudishwa kwa utani. Nyangi akamweleza, kwa mara ya kwanza, habari za mama yake. Baba yake alipofariki, ndugu za marehemu walichukua ng’ombe, kisha wakaja kumwambia mama yake, Ghati, afungashe atoke kwenye lile boma lililokuwa peke yake mlimani. Ghati alilia kwa sauti mpaka ikakauka. Hakuna aliyesikia, nyumba zilikuwa mbalimbali. Alifunga sufuria na nguo ndani ya kanga moja, akamshika mtoto mkono, wakateremka. Tangu siku ile walikuwa wapangaji, na wenye nyumba waliwahamisha kila walipojisikia. Nyangi alitaka nyumba ambayo hakuna mtu angeweza kumwambia atoke, na aliitaka Nyasho, kwenye soko, redio, kelele za mashine na wateja wanaopita mlangoni. Isidori alisikiliza mpaka mwisho. Hakuitaja tena Kigera.

Mvua za masika ziliangusha ukuta wa nyuma wa nyumba ya Mzee Machage, na bei yake ikaanguka pamoja nao. Nyangi akainunua kwa akiba ya ushonaji wake. Isidori hakutoa fedha, alitoa mikono. Alileta wadogo zake kutoka Butiama, wakakanyaga udongo, wakasimamisha ukuta, na yeye mwenyewe akapiga lipu vibaya hata Nyangi akamwambia mkono wake wa karani ubaki kwenye kalamu. Mbele walikaa Nyangi na mama yake. Vyumba vya nyuma vilikuwa na wapangaji waliorithiwa pamoja na nyumba. Mmoja alikuwa Leonardi, kondakta wa basi la Bunda, na mwingine Eufrasia, mjane muuza samaki mwenye watoto. Kodi yao ndiyo iliyowalisha akina Nyangi miezi ambayo watu hawashonewi nguo. Ghati aliketi barazani siku nzima akitazama watu wakipita, na wakati mwingine alicheka peke yake.

Sasa Isidori alimwita Nyangi “mwenye nyumba”. Alipomposa alifanya hivyo kwa kuuliza kama kuna chumba kimebaki. Nyangi akasema kimebaki cha mbele, ila masharti ni magumu, mpangaji haruhusiwi kuhama. Wazee wa pande zote mbili wakaanza mazungumzo.

Ndipo likaja Azimio, mwezi wa pili mwaka wa sitini na saba. Nyasho nzima ililisikia redioni. Nyangi alimshonea Isidori shati la kijani, naye Isidori akaliaga soko akiimba na wenzake katika matembezi ya kuliunga mkono, kwa miguu mpaka Bunda. Huko akapewa nafasi ya kusema. Alisema juu ya baba yake, aliyelima pamba miaka yote huku wengine wakila faida, na watu wakanyamaza kumsikiliza. Haukupita muda akateuliwa katibu wa chama tawala huko huko Bunda. Nyangi alifurahi. Alimsimulia kila mteja.

Isidori alipiga simu kutoka ofisini kwake hadi kwenye duka la Mhindi, na mwenye duka akampa Nyangi chombo huku akimwonya asikae sana.

“Halo, mwenye nyumba.”

“Halo, ndugu katibu. Unakula huko?”

“Ninakula, lakini ugali wa huku hauna mtu wa kunigombeza.”

Siku hizo zilikuwa nzuri. Kisha simu zikapungua. Halafu Leonardi akaja barazani, amevua kofia, akasema kuna neno ambalo hakutaka alisikie kwa mtu mwingine. Kule Bunda kamati ilikaa, wakamuuliza katibu mbele za watu kama ana mchumba Musoma. Akasema hana.

Nyangi akamwambia Leonardi kwamba watu wa basi wanasemaga mengi. Isidori alipopiga tena, Nyangi hakumsalimu, alimuuliza moja kwa moja. Waya ulikuwa unavuma kama mvua kwenye bati.

“Ni kweli nilisema sina mchumba,” ilisema sauti ya mbali, “nilisema hivyo kwa sababu…”

Ikakatika. Mwenye duka alitikisa chombo, akaita posta, akaambiwa laini imeanguka. Nyangi aliketi kwenye cherehani yake na kushona mkono wa shati la mtu ukageuka nje ndani. Alisubiri. Isidori alikuwa ametumwa vijijini, upande wa Kisorya, ambako simu hakuna, na Nyangi hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba Isidori alikuwa ameulizwa, na akakana.

Mwishowe alivaa gauni lile la njano, akapanda basi la Leonardi kwenda Bunda. Ofisini alikuta benchi limejaa wakulima wakisubiri. Isidori alipotoka na kumwona, uso ulimbadilika, akawaomba radhi wazee, akamwongoza Nyangi mpaka mgahawa wa jirani. Alikuwa amekonda. Chai ililetwa, hakuna aliyeigusa.

“Waliniuliza mbele ya kamati,” alisema. “Ningesema ninaye, swali la pili lingekuwa ana nini. Kiongozi hatakiwi kuwa na nyumba ya kupangisha. Na mke wake vilevile. Mtu na mkewe wanahesabiwa mtu mmoja.”

“Padri ndiye aliniambiaga tutakuwa mwili mmoja. Sikujua na chama nacho kimo.”

“Nyangi, nilikuwa naificha nyumba yako.”

“Ukanificha na mimi humo ndani.”

Isidori akainamisha kichwa. Alikuwa amekwisha kumwendea mwenyekiti, akasema, kuomba aachie kazi. Mwenyekiti, mtu mwema, alimwambia kwa upole kwamba mwaka huu anayeacha uongozi kwa ajili ya kodi ya vyumba atatajwa kwenye kila mkutano kuwa mnyonyaji, na ushirika hautamrudisha. Wadogo zake wote walikuwa wakisoma kwa mshahara wake. Na zaidi ya hayo, alisema huku akimtazama usoni, analiamini Azimio. Analiamini kweli. Angesimama kesho kulitetea.

Hasira ilimwisha Nyangi, na alipoitafuta tena hakuiona. Angekuwa na mtu wa kumlaumu ingekuwa afadhali. Alinyoosha mkono juu ya meza, Isidori akaushika, mbele ya watu wote wa mgahawa, katibu wa chama. Wakakubaliana kwamba Nyangi atakwenda kuwaondoa wapangaji. Wataishi kwa mshahara mmoja na cherehani moja, watajibana. Isidori alimsindikiza mpaka kwenye basi akimtania kwamba sasa atakuwa mwenye nyumba asiye na wa kumdai, na wote wawili wakacheka.

Kesho yake asubuhi Nyangi alikwenda uani. Eufrasia alikuwa anapanga sato kwenye beseni, mtoto mdogo mgongoni. Nyangi akaanza mbali, akauliza hali, akauliza bei ya samaki, kisha akasema, “Mama, kuna jambo la chumba.”

Hakufika mbali. Eufrasia alinawa mikono. Hakuuliza kosa lake ni nini, hakuomba muda. Aliingia ndani akatandaza kanga kitandani, akaanza kuweka sufuria juu yake, kisha vikombe, kisha nguo za watoto, taratibu, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Nyangi alisimama mlangoni. Alipogeuka alimwona mama yake, Ghati, ameinuka kule barazani, amekuja mpaka ukumbini, anatazama ile kanga.

“Rudisha vyombo, Mama,” Nyangi alimwambia Eufrasia. “Nilitaka kukuambia bati la chumba chako linavuja. Fundi atakuja.”

Isidori alikuja mwenyewe Jumapili. Walikaa barazani, na Nyangi akamweleza yote, na kwamba hawezi kuwatoa wapangaji. Wala hawezi kuuza. Akiuza atakwenda kukaa katika nyumba ya serikali, na siku Isidori akihamishwa au kufukuzwa watu watakuja kumwambia afungashe. Mama yake hawezi kufungasha tena. Wapita njia walimsalimu Isidori naye akawaitikia.

“Basi nikuoe hivi hivi,” alisema. “Wakinifukuza, wanifukuze. Tutauza samaki.”

Nyangi alimtazama. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomuumiza. Alimwona miaka ijayo, ameketi barazani hapo hapo, hana ofisi, hana mkutano, anazisikiliza hotuba za wenzake redioni, akizitazama kuta hizi kama kitu kilichomla.

“Hapana, mpenzi wangu,” alisema. “Utaichukia nyumba. Halafu utanichukia mimi. Nenda kazini.”

Isidori alibishana naye mpaka maneno yakamwisha. Kisha akaingia ndani kumuaga Ghati, akakaa huko kidogo, akatoka macho yamekuwa mekundu.

Walitembea hadi stendi. Waliagana vizuri, kama walivyoweza, kwa maneno machache, na Isidori akapanda akakaa dirishani. Basi likagoma kuwaka. Dereva akafungua boneti, Leonardi akalala chini na spana, abiria wakashuka. Isidori naye akashuka. Hawakutegemea muda huu, na kila kitu walikuwa wamekwisha kusema. Wakanunua karanga, wakakaa kwenye gunia la mtu. Nyangi akamuuliza kama Bunda kuna dobi mzuri. Akasema yupo, ila anavunja vifungo. Nyangi akasema vifungo vya shati lile la kijani alivishona mara mbili. Isidori akamuuliza kama kweli bati linavuja, na Nyangi akasema halivuji, na hapo walitabasamu. Jua lilisogea. Bega la Nyangi lilikuwa limegusa la Isidori na hakuna aliyeliondoa. Aliomba kimya kimya basi lisipone, na papo hapo aliomba lipone upesi.

Likaunguruma. Watu wakakimbilia mlango. Isidori alisimama, akapanda. Nyangi alikwenda upande wa dirisha lake ampungie mkono. Lakini mzee mmoja wa kiti cha nyuma, mkulima mwenye malalamiko ya mizani ya pamba, alikuwa amemtambua katibu, amemshika bega, anamweleza. Isidori aligeuka akainama kumsikiliza, kama ilivyompasa, na alipokuwa bado ameinama basi likaondoka.