Nukta Iliyofutwa

Maiti ya seremala ilikuwa bado na joto kwenye kitanda cha sita. Inspekta alisoma skrini ya wodi: dawa ya maumivu, miligramu 25.

"Mimi niliandika mbili nukta tano," daktari alisema. "Nukta yangu huiweka katikati ya mstari, si chini kama wengine. Nimeandika hivyo miaka yote."

Muuguzi alikaa kwenye benchi, pingu mikononi. "Afande, nimechoma kipimo nilichokisoma. Nitafia jela kwa kusoma?"

Inspekta aliamuru sindano zote zisimame. Wodi nzima ikaanza kugumia kwa maumivu.

Bibi wa kitanda cha tano alimvuta shati. "Mimi sindano nimeikataa tangu jana, baba. Mwanangu alinikataza."

"Mwanao anafanya kazi gani?"

"Kompyuta za humu humu."

Inspekta alishuka ngazi mbili mbili hadi chumba cha kompyuta.

Fundi wa programu alikuwa peke yake chumbani, jasho likimtoka licha ya feni.

"Maagizo ya daktari yanafikaje wodini?"

"Programu yangu ya Java inasoma faili kutoka seva, kompyuta kuu iliyo mbali."

"Inasomaje?"

"Faili limeandikwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi na alama. Sikuiambia programu hivyo, ikawa inafuata mpangilio wa mashine. Wiki hii tumebadilisha mashine. Alama zisizo za kawaida zikageuka alama za kuuliza."

"Ukairekebisha?"

"Wakubwa walifoka kuwa skrini imechafuka. Nikaongeza mstari wa kufuta kila kisichosomeka."

"Na nukta ya daktari?"

"Ilifutwa nayo."

"Ulijua lini?"

"Jana asubuhi."

"Ukamwambia nani?"

Fundi aligeukia kibodi yake.

"Nakuuliza, ukamwambia nani?"

"Mama."

"Mama peke yake?"

Fundi aliangua kilio. "Nilishaonywa mara mbili, afande. Kosa la tatu ni kufukuzwa. Nikasema nitarekebisha kimyakimya, hakuna atakayejua. Niliogopa!"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Inspekta alisema. Ila kifo chenyewe kilikuwa cha mtu mwingine.

Muuguzi alifunguliwa pingu, fundi akavalishwa. Askari walipompitisha fundi wodini, shuka la kitanda cha sita lilikuwa limevutwa hadi juu.

Kwenye kitanda cha tano bibi aliinua mkono.

"Mwanangu, maumivu yamezidi. Sasa nichomwe?"